Kuchunguza, Kuandika na Kueleza

Huja siku ambayo mwalimu huingia darasani, akaandika ubaoni majina ya makundi, kisha akasema, "Kila kundi lichague jambo moja, lilichunguze kwa majuma matatu, halafu lije litueleze habari zake mbele ya darasa." Mara wengine hufurahi, maana wapenda kusimama na kusikilizwa. Wengine hushikwa na hofu, wakaona kama wametwikwa mzigo usiochukulika. Lakini wote, wenye furaha na wenye hofu, hudhani jambo moja: ya kuwa kazi hii ni kazi ya ulimi, na ya kuwa mwenye maneno matamu ndiye atakayeshinda. Dhana hiyo si kweli. Katika somo hili nataka kuwaonyesha kwa nini si kweli, na njia ifaayo ni ipi.

Kwanza nitawasimulia jambo lililotokea katika darasa nililokuwa nikilifundisha.

Ilikuwa siku ya wazazi kuja shuleni. Mvua za kupandia zilikuwa karibu, na watu wa kijiji walikuwa wakitayarisha mashamba yao. Kwa hiyo nilikuwa nimewaagiza wanafunzi wachunguze jambo lo lote lihusulo mahindi. Kundi la kwanza likasimama. Msemaji wao alikuwa kijana hodari, mwenye sauti nzuri. Alieleza ya kuwa mahindi yalilimwa kwanza katika nchi ya Meksiko maelfu ya miaka iliyopita, na ya kuwa yalifika Afrika kwa merikebu, na mengine mengi. Maneno yake yote yalikuwa ya kweli, nayo yalitiririka kama maji ya mto. Wazazi wakapiga makofi, nami nikajisifu moyoni, maana mimi ndiye niliyewapa kile kitabu walichonakili.

Ndipo mama mmoja alipoinuka nyuma ya chumba, akasema, "Ahsanteni sana, wanangu. Msimu uliopita mimi nilipanda mbegu nilizoziweka mwenyewe, na nusu ya shamba haikuota. Niambieni, mbegu niziweke wapi zisiharibike?" Yule kijana akaitazama karatasi yake mbele na nyuma. Akawatazama wenzake, na wenzake wakatazama chini. Karatasi haikuwa na jibu, kwa kuwa wao hawakuwa wameliuliza swali hilo, wala swali jingine lo lote. Walikuwa wameyachukua maneno ya mtu mwingine wakayabeba, kama punda abebavyo mzigo asiojua ndani yake mna nini.

Kundi la pili likasimama. Msemaji wao alikuwa msichana mwenye haya, na mwanzoni sauti yake ilitetemeka. Mbele yake palikuwa na sahani mbili zilizofunikwa. Alisema hivi: "Shikamooni, wazee wetu. Sisi tuliuliza swali moja tu. Mbegu zilizokaa kichanjani juu ya jiko, na mbegu zilizokaa guniani pembeni mwa nyumba, zipi huota zaidi? Tulitwaa mbegu 50 za kichanjani na mbegu 50 za guniani, zote za mavuno ya shamba moja. Tulizikunjia katika vitambaa vyenye maji, tukavilowesha kila asubuhi. Siku ya 7 tulihesabu. Za kichanjani zimeota 44. Za guniani zimeota 29, na nyingi katika hizo zisizoota zina matundu ya fukusi." Akafunua sahani, watu wakasogea kuona.

Yule mama akauliza, "Je, hamkuzichagua zile zilizo nzuri?" Msichana akajibu, "Hapana, mama. Tulifumba macho tukazichota tu." Mzee mmoja naye akauliza, "Ni moshi uliozihifadhi, ama ni joto lililozikausha?" Msichana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hatujui, babu. Hilo hatukulipima. Tunalolijua ni hesabu ya zilizoota." Mzee akacheka kwa furaha, akasema, "Kwa kuwa umekiri usilolijua, mimi nasadiki ulilolisema."

Siku ile mimi mwalimu ndiye niliyefundishwa. Nilitambua ya kuwa maelezo mazuri ni matunda, na mti wake ni uchunguzi. Asiyepanda mti hana matunda ya kuleta sokoni, hata akiwa na kikapu kizuri namna gani. Basi na tuutazame mti huo tangu mizizi yake.

1. Kuchagua swali

Wanafunzi wengi huchagua jina kubwa, kama vile "Habari za Maji" au "Habari za Mifugo." Hayo ni majina, si maswali. Habari za maji ni nyingi kupita kiasi. Hata watu wazima wenye elimu hawazimalizi. Lakini ukiuliza, "Kila siku shuleni kwetu hutumika ndoo ngapi za maji, na ngapi humwagika bure?" hapo umepata swali ambalo mtoto mwenye ndoo na kalamu aweza kulijibu.

Swali jema lina alama tatu. Ya kwanza, jibu lake hamlijui bado. Ya pili, jibu laweza kupatikana kwa vitu vilivyo karibu nanyi, na kwa siku mlizopewa. Ya tatu, yuko mtu ambaye jibu hilo litamfaa. Swali la wale wa mbegu lilikuwa na alama zote tatu.

Haya hayana maana ya kuwa vitabu havifai. Vitabu hutuambia mambo ambayo wengine wamekwisha kuyaona, nasi hatuna haja ya kuanza kila jambo upya. Lakini ukitwaa neno kitabuni, liseme kwa maneno yako mwenyewe, na utaje kitabu ulikolipata.

2. Kugawana kazi

Kidole kimoja hakivunji chawa. Hata hivyo katika makundi mengi mtoto mmoja hufanya kazi yote, na wengine huja kula sifa pamoja naye. Dawa yake ni kuandika karatasi siku ya kwanza kabisa: kazi gani, ya nani, na iwe imekwisha siku gani. Mmoja alete mbegu, mwingine aziloweshe, wawili wahesabu, mmoja aandike, mmoja achore. Kisha kila mmoja ajue kazi za wenzake, maana msemaji aweza kuugua siku yenyewe, na kazi isilale kitandani pamoja naye.

Hesabuni siku zenu kwa kurudi nyuma, mkianzia siku ya kueleza. Ikiwa mna majuma matatu, la kwanza liwe la kuchagua swali na kutayarisha vyombo; la pili la kupima; la tatu la kuandika na kufanya mazoezi ya kusema. Tena wekeni akiba ya siku mbili tatu. Panya huweza kuzila mbegu usiku, na asiye na akiba ya siku hawezi kuanza upya.

Mwenzenu akizembea, mwambieni mapema kwa upole. Asiposikia, mwambieni mwalimu. Kunyamaza hadi siku ya mwisho, kisha kumlaumu mbele ya watu, hakumsaidii yeye wala ninyi.

3. Kupima kwa haki

Ukitaka kulinganisha vitu viwili, badili jambo moja tu, na mengine yote yawe sawasawa. Kama mbegu za kichanjani zingeloweshwa kila siku, na za guniani zikasahauliwa, tusingejua kama tofauti imeletwa na mahali zilipokaa au na maji. Kwa hiyo siku iwe moja, maji yawe sawa, vitambaa viwe vya namna moja, na mahali pawe pamoja.

Pengine utauliza, "Kwa nini mbegu 50? Tano hazitoshi?" Fanya hesabu uone. Katika mbegu 5, mbegu moja mbovu iliyoingia kwa bahati tu hubadili jibu kwa sehemu moja katika tano. Katika mbegu 50, mbegu hiyo hiyo hubadili jibu kwa sehemu moja katika hamsini. Kadiri vitu unavyovihesabu vinavyozidi, ndivyo bahati inavyopungua nguvu. Na hesabu ifanywe na watu wawili, kila mtu peke yake. Zikitofautiana, wahesabu tena.

4. Daftari

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Uchunguzi nao ni mali. Andika siku ile ile, wala usiseme, "Nitakumbuka kesho." Andika tarehe, mlilolifanya, mliloliona, na hesabu yake. Ukikosea, kata neno kwa mstari mmoja tu, lisomeke bado. Usilifute, maana pengine kesho utaona ya kuwa hukukosea.

Nawaonya hapa kwa nguvu. Msibadili hesabu ili kumpendeza mwalimu, wala ili kazi yenu ifanane na ya kundi jingine. Mkitazamia mbegu 45 zikaota 20, andikeni 20. Hesabu isiyotazamiwa si aibu. Yaweza kuwa ndiyo habari kubwa kuliko zote mlizopata, kama mtakavyoona mwishoni mwa somo hili.

5. Kutunga maelezo

Maelezo yawe na sehemu nne, nazo zifuatane hivi: tuliuliza nini, tulifanya nini, tuliona nini, na maana yake ni nini. Mwanzo wa habari uwe swali lenyewe. Usipoteze muda kwa kuomba radhi, wala kwa kusema, "Leo nimesimama mbele yenu." Wasikilizaji wanakuona ya kuwa umesimama. Mwisho wake uwe jibu, pamoja na lile ambalo bado hamlijui.

Msisimulie kila kitu kilichomo daftarini. Chagueni mambo matatu ambayo mngependa msikilizaji aende nayo nyumbani. Kama mna kitu cha kuonyesha, kifunikeni mpaka wakati wake ufike. Kikiwa wazi tangu mwanzo, watu watakitazama hicho wasiyasikie maneno. Mkichora picha ubaoni, iwe kubwa hata aliye nyuma kabisa aione. Kwa mfano, choreni mistari minene miwili iliyosimama, mmoja mrefu wa mbegu 44, na mmoja mfupi wa mbegu 29. Mwenye kuitazama ataelewa kabla hamjasema neno.

6. Mazoezi ya kusema

Wengine husema, "Mimi sikuzaliwa msemaji." Hebu sikieni habari za Michael Faraday. Mtu huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1791, mtoto wa mhunzi, na masomo yake ya shuleni yalikuwa machache. Alipokuwa kijana alifunzwa kazi ya kujalidi vitabu, naye akawa akivisoma vile alivyopewa kuvijalidi. Mwaka 1812 alikwenda kusikiliza maelezo ya mtaalamu Humphry Davy. Aliyaandika yote aliyoyasikia, akaichora michoro yake, akayajalidi yakawa kitabu, akampelekea Davy mwenyewe. Mwaka uliofuata akapewa kazi ya kumsaidia. Baadaye akawa mmoja wa wataalamu wakubwa wa elimu ya umeme.

Lakini Faraday alijua ya kuwa kujua ni jambo moja, na kueleza ni jambo jingine. Alilipa fedha yake kumlipa mwalimu wa kusema. Alimwomba rafiki yake akae kati ya wasikilizaji, ayaandike makosa yake. Na kwa kuwa alikuwa na mazoea ya kusema upesi, msaidizi wake aliweka mbele yake kadi iliyoandikwa neno la kumkumbusha aende polepole. Mwisho aliwaeleza watoto habari za elimu wakati wa Krismasi, mwaka hata mwaka, nao walipenda sana kumsikiliza. Katika mafundisho yake ya mwisho, ya mwaka 1860 na kuingia 1861, aliwaeleza habari za mshumaa, akawafundisha mambo mengi kwa njia ya huo mshumaa.

Basi fanyeni kama alivyofanya. Someni maelezo yenu kwa sauti mbele ya mwenzenu mmoja, naye asimame mbali, ainue mkono kila asiposikia. Pimeni muda kwa saa. Msiyakariri maneno yote kwa moyo, maana aliyekariri akisahau neno moja hupotewa na yote. Andikeni maneno machache tu ya kukumbusha katika kipande cha karatasi. Tazameni watu, si dari wala miguu yenu. Na mkiona hofu, jueni ya kuwa hofu humjia kila mtu, nayo hupungua mara msemapo jambo mliloliona kwa macho yenu wenyewe.

7. Kujibu maswali

Mkimaliza kusema, kazi haijaisha. Maswali ndiyo mtihani wake. Sikiliza swali mpaka mwisho. Ukiwa hukulielewa, omba lirudiwe. Ukilijua jibu, jibu kwa ufupi. Usipolijua, sema hujui. Na ninyi mliokaa mkisikiliza, ulizeni ili mjue, wala msimcheke mwenzenu. Huko nyuma nilisema ya kuwa hesabu isiyotazamiwa yaweza kuwa habari kubwa. Mfano wake ulitokea hapa hapa kwetu, Tanzania.

Mwaka 1963 mwanafunzi aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akisoma katika shule ya sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, hungoja yapoe, kisha huyatia katika jokofu. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa chache, naye Mpemba akaogopa kuikosa, akatia maziwa yake yakiwa bado moto. Mwenzake alitia maziwa ambayo hayakuchemshwa kabisa. Baada ya saa moja na nusu wakaenda kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake bado.

Aliuliza sababu yake, akaambiwa ya kuwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipokwenda kusoma Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa. Lakini hakuridhika na maneno. Siku moja alipata nafasi katika chumba cha majaribio, akatwaa vyombo viwili, kimoja akakitia maji ya bomba na kimoja maji ya moto, akaviweka pamoja katika jokofu. Baada ya saa moja aliona barafu nyingi zaidi katika chombo kile kilichokuwa na maji ya moto.

Kisha akaja mgeni shuleni, Dakta Denis Osborne, mwalimu wa chuo kikuu kule Dar es Salaam. Mpemba akasimama mbele ya wote akamwuliza swali lake. Wenzake walimcheka, na baadaye wakamwambia amewaaibisha. Lakini yule mgeni hakumcheka. Alimwuliza kama amelijaribu jambo hilo mwenyewe. Alipoambiwa ndiyo, alikiri ya kuwa hajui sababu yake, akaahidi kulijaribu. Alilijaribu, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakatoa habari zao katika jarida la elimu ya fizikia. Tangu hapo jambo hilo hujulikana ulimwenguni kwa jina la Mpemba.

Yafaa mjue pia ya kuwa wataalamu bado wanabishana juu yake. Mwaka 2016 wataalamu wa Uingereza walipima kwa uangalifu mwingi, wasilione. Wengine husema huonekana mara kwa mara, na sababu walizozitaja ni nyingi. Mabishano hayo hayamwondolei Mpemba heshima yake. Aliona jambo, akalijaribu tena, akauliza bila kuficha, nao watu wenye elimu wameshughulika na swali lake kwa miaka zaidi ya hamsini. Kama angalisema alilotazamiwa kusema, asingalikumbukwa na mtu.

Sasa na nimalize. Mwaka uliofuata siku ile ya wazazi, nilipita nyumbani kwa yule mama aliyeuliza habari za mbegu. Akanikaribisha ndani. Juu ya jiko lake niliona kichanja kipya, na mahindi ya mbegu yamepangwa juu yake, meusi kwa moshi. Nikamwuliza kama aliyakumbuka maelezo ya wanafunzi. Yale ya kundi la kwanza hakuyakumbuka. Alisema tu ya kuwa kijana yule alisema vizuri. Lakini akaniambia, "Arobaini na nne, na ishirini na tisa. Hayo, mwalimu, nitayasahauje?"

Maswali

1. Kwa nini kijana wa kundi la kwanza alishindwa kujibu?
2. Badili jina hili liwe swali dogo linaloweza kuchunguzwa shuleni kwenu: "Habari za Miti."
3. Eleza kwa hesabu kwa nini mbegu 50 ni bora kuliko mbegu 5.
4. Mzee alisema alisadiki maneno ya msichana. Alikuwa na sababu gani?